Diwani na Karani Waenda Kampala

Tangu nirudi Kimilili na mizigo yangu, hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza jambo la maana. Nimekaa Kampala miaka yote hiyo nikiunda plau na kufufua pampu, nimeoa huko, mvi zimenitokea huko, nanyi mkija kunijulia hali mnamaliza chai yangu kisha swali ni lile lile: eti ni kweli uliwahi kutembea Uganda ukipiga soga na ng'ombe? Ni kweli. Na kwa kuwa mwenzenu Barasa amekwisha kuwasimulia kwa namna yake, ambayo ndani yake kuna simba, nimeona afadhali niandike mwenyewe. Simba hakuwepo. Naanza pale tulipoanzia, na atakayenikatiza akatafute chai kwake.

Kwa baba mdogo

Vita vya huko vilikuwa vimekwisha si zamani. Nilikuwa mhandisi wa kilimo mpya kabisa, bado nageuka kutazama nyuma mtu akiita "injinia", na nilikuwa nimepata kazi katika karakana moja chini ya kilima cha Kibuli, upande wa reli. Tulitengeneza plau kwa ajili ya watu waliokuwa wanarudi mashambani. Plau tulikuwa nazo tele. Ng'ombe wa kuzivuta ndio hawakuwepo, maana sehemu nyingi walikuwa wameswagwa wote, na waliosalia wakaliwa. Siku moja mkuu wetu, Bwana Kato, Mganda mpole mwenye koti moja alilolivaa hata chini ya trekta, akaniita akasema, "Injinia, kwenu watu wanalima na maksai. Nenda utuletee jozi moja iliyofunzwa vizuri."

Jozi hiyo ilikuwa na mwenyewe kabla hata haijapatikana. Alikuwa mjane wa polisi, jina lake Mama Auma, mtu wa Lango kule kaskazini, akiishi katika nyumba za polisi Nsambya. Mume alikuwa amekufa vitani, na ile nyumba ilitakiwa na polisi mwingine ambaye tayari alikuwa anapita jioni kuangalia madirisha. Kwao ardhi ilikuwepo. Ng'ombe wa boma zima walikuwa wamechukuliwa. Bila maksai angerudi kwao kuangalia nyasi zinavyokua, na mvua zilikuwa karibu. Wageni waliokuwa wanatulipia zile plau walikuwa wanakuja siku waliyoipanga wao, na sharti lao halikuwa na mjadala: atakayepewa jozi alime nayo mwenyewe mbele yao. Msiwalaumu. Jozi ya kwanza waliyoitoa iliishia kwenye sufuria za Krismasi, na aliyepewa hata hakuona haya kuwaalika.

Basi nikaja hapa hapa Kimilili, kwa baba mdogo Wanyonyi. Waliomkuta hai wanajua, baba mdogo alikuwa haishi maneno. Alipokuwa akilima shamba la mtu, majirani walisimama kwenye ua kusikiliza, maana habari zote za kata zilipitia pale: nani kaposa, nani kafukuzwa, kuku wa nani wamekufa kwa kideri. Maksai wake aliwaita Diwani na Karani. Diwani, yule mwekundu, alitaka kuwa mbele kila mahali. Karani, mweusi mwenye pembe iliyopinda, alifanya kazi yote na hakuna aliyemsifu.

"Mwanangu," akaniambia akinipa kamba, "hawa hawana shida. Wape maji, wape majani, usiwapige. Ila usiwanyamazie."

Nikacheka. Nikajua ni yeye na midomo yake. Lori la karakana lilipoondoka aligeuka upande wa choo, akakaa amegeuka hivyo mpaka tulipopotea. Mama mdogo alikuwa amenifungia kuku mzima na ugali wa wimbi, ugali ambao dereva wangu Ssalongo aliukata kipande, akautafuna kwa heshima kubwa, kisha akaniuliza kama kwetu watu wanaula hivi hivi au kwanza wanauloweka.

Malaba

Mpakani tulikaa mpaka nikazoea harufu yetu wenyewe. Malori yalikuwa yamepangwa pua kwa mkia. Ssalongo, ambaye aliitwa hivyo kwa kuwa ni baba wa mapacha na kwa Waganda hilo si jambo dogo, alijua kila mtu pale. Aliniacha na ng'ombe akaenda kusalimia, akarudi jua limegeuka.

Ubavuni mwetu lilisimama lori la kabichi. Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa kutoka Limuru aliyekuwa akipeleka bidhaa Kampala, mtu wa kitambaa cha kanisani na sauti ya sokoni. Mimi nilikuwa nimesinzia. Nilishtuliwa na kelele. Diwani alikuwa amepenyeza kichwa chote kati ya mbao, akavuta gunia, na sasa wote wawili walikuwa wanakula kabichi za watu kwa utulivu wa ajabu.

"We kijana! Hao ng'ombe wako wana meno ya serikali!"

"Mama, nisamehe. Wamechoka na safari."

"Wamechoka? Mimi ndiye nimechoka! Wanaenda wapi hao wezi?"

Nikamweleza habari ya mama wa Nsambya na nyumba na mvua. Akanisikiliza mikono kiunoni. Kisha akapanda juu ya gunia, akachagua kabichi mbili zilizopasuka, akazitupa kwetu. "Hizo zimeharibika hata hivyo. Nendeni zenu kabla sijabadilisha mawazo." Nilikutana naye baadaye mara nyingi sokoni Nakawa, na kila mara aliuliza habari za wale wezi kabla ya kuniuliza habari zangu.

Tororo hadi pale lori lilipokufa

Vijana wa siku hizi mnapita barabara ile mkisinzia kwenye basi. Wakati ule ilikuwa mashimo yaliyounganishwa kwa lami kidogo, na kila baada ya kilima kulikuwa na gogo limelazwa njiani na askari wawili. Ssalongo alikuwa na namna moja ya kusimama kwenye vizuizi: anazima gari kabisa, anatoa mikono yote nje ya dirisha, anatabasamu.

"Wewe nabeba nini?"

"Ng'ombe, afande."

"Ng'ombe ya nani?"

"Ya serikali ya mama moja, afande," Ssalongo alijibu, na sijui mpaka leo alimaanisha nini, lakini tulipita.

Tulipoipita Bugiri kidogo, kukatokea mlio chini ya lori, tak!, injini ikaendelea kunguruma bila gari kwenda popote. Nikaingia chini na taa ya mkono kwa bidii ya mtu aliyesoma. Shafti ya nyuma ilikuwa imekatika katikati.

"Yinginiya, unatengeneza?" Ssalongo akauliza, ameinama, kichwa chini.

"Hii haitengenezwi, ni ya kubadilisha."

"Banange! Sasa yinginiya ni ya nini?"

Tukakubaliana atafute gari la kumbeba mpaka Jinja akalete shafti, kisha atanikuta Iganga. Kukaa pale sikuweza. Maji hayakuwepo karibu, ng'ombe walikuwa wanahema, na siku za wageni zilikuwa zinakwisha. Tuliwashusha kupitia kichuguu kimoja kilichokuwa kando ya barabara, nikawafunga nira ili waende pamoja, nikaning'iniza mfuko wangu kwenye pembe nzuri ya Karani, nikasema haya twende.

Kwa miguu hadi Iganga

Walikwenda hatua chache wakasimama.

Mimi ni mhandisi. Nilitazama kwato. Nilitazama nira kama inakaba shingo, nikalegeza kamba za upande wa Diwani, nikakaza za Karani. Nikapima kwa macho kama mfuko unaegemeza kichwa upande. Nikauondoa mfuko. Nikawavuta kwa kamba, nikawasukuma kwa bega, nikawapungia tawi. Walisimama wakinitazama kwa masikitiko kama wazazi walionilipia karo bure. Watu waliokuwa wanapita na baiskeli walipunguza mwendo ili waone vizuri.

Basi nikapandwa na hasira. Nikaanza kumsema baba mdogo kwa Kibukusu, kwa sauti, pale barabarani. Nikasema mzee yule ameniuzia mawe yenye mikia, nikasema tangu nikiwa mdogo ananichezea, nikakumbuka hata ile siku aliyoniambia nyuki wa bluu hawaumi. Nilikuwa nimefika mbali na malalamiko yangu nilipogundua kwamba natembea. Ng'ombe walikuwa wanatembea. Nikanyamaza kwa mshangao. Wakasimama.

"Usiwanyamazie," nikasema.

Wakaenda.

Jamani, jaribuni siku moja kuzungumza kutwa nzima bila mtu wa kuwajibu. Mwanzoni ni rahisi. Niliwasimulia habari za nyumbani, wazijuazo. Nikawasimulia chuo, jinsi nilivyoanguka mtihani wa kemia nikadanganya nyumbani kuwa mwalimu alikuwa mgonjwa. Nikawaeleza plau inavyofanya kazi, kwa nini ulimi wake wa chuma unapinda, mambo ambayo wao waliyajua kwa shingo. Yakaisha. Nikawa nasoma vibao vya maduka kwa sauti. Halafu, kwa kuwa hapakuwa na kingine, nikawaambia habari za Nekesa, binti niliyetaka kumwoa akasema hawezi kufuata mtu kwenye nchi iliyotoka vitani. Sikuwa nimemwambia mtu hiyo habari. Nililia kidogo, msicheke, na Karani alitembea vizuri sana wakati huo wote.

Lakini kulikuwa na jambo lingine. Kila nilipokaribia nyumba, milango ilifungwa. Kina mama walivuta watoto ndani. Niliomba maji kwa Kiswahili uani kwa mtu, mzee aliyekuwa anaanika kahawa akaacha kila kitu akaingia migombani. Ilinichukua muda kuelewa. Kwa watu wale, Kiswahili kilikuwa lugha ya mwenye bunduki, na mwanamume mgeni mwenye Kiswahili anayeswaga ng'ombe barabarani walikuwa wamemwona mara nyingi mno. Niliona aibu kwa kosa ambalo si langu, na nikawaonea huruma mpaka kiu ikapungua.

Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyeitwa Nambozo, Mgisu aliyeolewa huko. Alikuwa amejificha nyuma ya jiko akinisikiliza nikipita. Kigisu na Kibukusu ni ndugu, mnajua, kwa hiyo alikuwa ameelewa habari za Nekesa zote. Akatoka akicheka, kaniki imemtoka begani.

"Mwizi wa ng'ombe hawasimulii ng'ombe kwamba ameachwa," akasema. "Ingia unywe maji. Na huyo msichana alikuwa na akili, nitakueleza kwa nini."

Alinilisha viazi vitamu na mchuzi wa karanga mzito, akawaita majirani, na mzee wa kahawa akatoka migombani na jani kubwa la kukalia. Nililala kwao. Asubuhi wale watoto waliofichwa walinisindikiza mpaka barabara kuu, wakiwasemesha ng'ombe kwa zamu ili mimi nipumzishe koo. Wala sijapata kutembea vizuri vile tena, hata kwa gari langu mwenyewe.

Iganga, Jinja, na daraja

Iganga nilimkuta Ssalongo amelala kivulini chini ya lori lake lililofufuka. Alikuwa na muwa mkononi na malalamiko ya kutosha kuhusu watu wa Jinja. Nilimjibu, na ndipo nilipogundua kwamba sauti yangu ilikuwa imebaki mkwaruzo. Vumbi na maneno vilikuwa vimeimaliza.

"Umekunywa nini?"

Nikamweleza kwa kunong'ona. Akacheka mpaka akashika mlango wa lori. "Mkenya anasomesha ng'ombe mpaka anakauka! Nitasema nyumbani, hawatakubali."

Darajani, pale mto unapotoka ziwani, tulisimamishwa na askari mmoja mrefu. Akataka kujua ng'ombe wanakwenda wapi. Nikamnong'oneza. Akadhani namdharau.

"Sema na nguvu! Nani alifundisha wewe kusema na afande namna hii?"

Nikajaribu tena, haikutoka. Ssalongo akaeleza yote, habari ya mama wa Nsambya na plau. Yule askari akapanda nyuma ya lori kukagua. Alikaa huko muda. Nilipochungulia, nilimwona ameweka bunduki begani, anamkuna Diwani chini ya shingo, mahali ambapo mtu hakuni kama hajafuga.

"Kwetu Teso zilikuwa mingi," akasema. "Baba yangu alikuwa nalima na ng'ombe nne." Akashuka. "Peleka hii kwa huyo mama. Pesi pesi."

Baada ya pale ni Mabira, miti imeziba jua, halafu mashamba ya miwa ya Lugazi, halafu vilima vikaanza kutokea kimoja kimoja. Nilikuwa Kampala.

Kamwokya na Nsambya

Mkiniuliza ninachokumbuka cha Kampala ile, nitawaambia kaloli. Ndege wakubwa wale walisimama juu ya kila paa bovu kama wana hisa pale. Kuta zilikuwa na matundu ya risasi na watu walikuwa wanapaka rangi kuzizunguka. Maji yalikuwa ya jerikeni. Nilipanga chumba Kamwokya, na jirani zangu walikuwa bendi nzima iliyokuwa na gitaa moja zima, kwa hiyo walipeana zamu. Hatukuwa na kitu, na kila mtu alikuwa anaanza kitu. Nilipokuwa nakwenda Kibuli asubuhi, adhana ikiwa imekwisha na ukungu bado umekaa bondeni, nilikuwa na furaha ambayo sikujua kuwa ni furaha. Leo nikikumbuka kifua kinaniuma, nawaambieni kweli.

Bwana Kato alifurahi kuona ng'ombe wamefika wakiwa wanne kwa idadi ya pembe, alivyosema. Siku ya wageni ilikuwa imebaki kidogo sana. Nikaenda Nsambya kumwita Mama Auma.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, wa makamo. Uani kwake vyombo vilikuwa vimeshafungwa kwenye mashuka. Jirani yake, Sajini Odongo, mtu wa Lango pia, alikuwa amenieleza kwamba huyu mama tangu habari ya mumewe ifike hasemi. Si bubu. Ukimsalimia anaitika, sokoni anauliza bei. Ila mazungumzo yalikuwa yamekatika. Hakuna aliyemsikia akimtaja marehemu wala yaliyompata njiani alipokuwa akikimbia vita na wanawe.

Tulikwenda kwenye uwanja mtupu nyuma ya karakana. Akamzunguka Diwani, akamzunguka Karani, akawashika meno, akaweka nira mwenyewe bila kuniuliza. Alikuwa amelima tangu utotoni. Plau aliishika kwa namna iliyonifanya nione haya na vyeti vyangu. Akapiga mluzi, mluzi safi wa kwao.

Ng'ombe walisimama.

"Samahani mama," nikanong'ona, maana ndiyo sauti niliyokuwa nayo, "hawa mpaka usemeshwe... mpaka uwasemeshe. Bila kukoma. Ndivyo walivyofunzwa."

"Niseme nini?"

"Chochote."

Akafikiri. "Sina," akasema.

Nikamwambia ajaribu hata sala. Akaanza Baba Yetu kwa sauti ndogo, ng'ombe wakaenda, ulimi ukaingia ardhini, nikaona tumepona. Akafika Amina. Wakasimama. Akaanza tena, wakaenda, lakini mara ya tatu Diwani aligeuza kichwa kumtazama na hakusogea. Alikuwa amezoea habari mpya kila siku. Baba mdogo alikuwa ameharibu ng'ombe wazuri.

"Utafanyaje wakichukuliwa tena huko?" nikamuuliza, ili tu aseme kitu.

"Nitalala nao," akajibu. Yakaisha.

Mpango wetu ukawa huu: siku ya wageni mimi nitatangulia mbele nikiongea, yeye ashike plau nyuma. Bwana Kato akasema si udanganyifu, ni ushirikiano. Usiku na mchana nikanywa chai ya tangawizi na asali, na Ssalongo akaniletea majani ya mti fulani ya kutafuna ambayo yalinitoa machozi.

Uwanja nyuma ya karakana

Asubuhi hiyo niliamka nikamsalimia jirani yangu mpiga gitaa. Haukutoka hata ule mnong'ono. Nilifungua mdomo, nikasikia hewa.

Nilifika kazini nikifanya ishara kwa mikono. Bwana Kato alinielewa mara moja na akakaa juu ya tairi. Wageni walikuwa tayari wamewasili, wamevaa viatu visivyofaa, na hapakuwa na nafasi ya kumpanga mtu mwingine atangulie. Sajini Odongo alikuwa amekuja na watu kadhaa wa Nsambya, wamesimama kando ya seng'enge. Mama Auma alikuwa katikati ya uwanja na jozi yake, amevaa gauni la kanisani, miguu mitupu.

Nilimwendea nikamwonyesha koo langu. Akanitazama, akaelewa. Sikuona hofu usoni mwake, na hilo ndilo lililonitia mimi hofu. Nikarudi kwenye seng'enge.

Akapiga mluzi. Ng'ombe wakatafuna. Akapiga fimbo hewani. Karani akapepesa masikio. Akaanza Baba Yetu, na Diwani akageuza kichwa upande wa reli. Mgeni mmoja akamwinamia Bwana Kato, na Bwana Kato akasema kwa Kiingereza kwamba wasubiri kidogo, wasubiri tu kidogo. Kwenye gari lao kulikuwa na mtu mwingine aliyeandaliwa kwa ajili ya jozi hiyo endapo mama angeshindwa. Alishaanza kukunja mikono ya shati. Nilimwomba Mungu anirudishie sauti kwa dakika chache tu, kisha aichukue hata milele.

Mama Auma aliacha plau. Akaenda mbele, akaweka kiganja juu ya mgongo wa Karani, akasimama hivyo kichwa chini. Tulidhani ndiyo basi. Kisha akarudi akashika mikono ya plau, akaanza kusema.

Alisema kwa Kilango, polepole, kama mtu anayeteremka mahali penye utelezi. Ng'ombe wakainua shingo. Nira ikakaza, mnyororo ukanyooka, ulimi ukazama na udongo mwekundu ukaanza kugeuka. Mfuo wa kwanza ulipinda vibaya. Hakusimama. Sauti yake ikapanda. Nilisikia jina la mumewe, nikalitambua kwa kuwa lilikuwa kwenye mlango wa ile nyumba. Akalisema tena. Akasema majina mengine nisiyoyajua, moja moja, na kati ya majina alieleza, alieleza kwa kirefu, akiwa analia waziwazi bila kuiachia plau. Hakuacha pengo hata la kumeza mate. Mwisho wa uwanja akawageuza vizuri kabisa, akarudi, na mfuo wa pili ukanyooka. Wageni walikuwa wanapiga makofi. Wale wa Nsambya hawakupiga. Sajini Odongo alikuwa amevua kofia yake.

Bwana Kato alifurahi kupita kiasi. Akamsogelea yule sajini akamshika kiwiko.

"Afande, wewe unasikia hiyo lugha. Huyu mama nasema nini?"

Odongo hakugeuka. Alikuwa anamtazama Mama Auma aliyekuwa ameshaanza mfuo wa tatu, bado anaongea.

"Yeye naambia ng'ombe, ssebo," akasema. "Haikuambia sisi."